Vifaa vya mwanzo kwa mwokoaji wa kujitolea mwenye fedha kidogo: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Ndugu, umeuliza ununue nini kwanza, kwa kuwa umekubaliwa katika kikosi cha kujitolea cha utafutaji na uokoaji, mafunzo yanakaribia kuanza, na fedha uliyo nayo haitoshi hata nusu ya orodha uliyoandaa. Umetaja pia kwamba kuna mtu anayekuuzia kamba, helmeti na mkanda wa kukwelea (ule unaovaliwa kiunoni na mapajani ili kumshikilia mtu kwenye kamba) vilivyotumika, kwa bei ya chini, na unaogopa kuikosa nafasi hiyo. Nimo katika kazi hii kwa miaka mingi, na kwa kipindi kirefu nimekuwa miongoni mwa wanaokagua mabegi ya wageni kabla hawajaruhusiwa kutoka na kikosi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kutokana na yale niliyoyaona yakifanya kazi na yale niliyoyaona yakishindwa.

Kifaa cha mgeni kina kazi moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni kuhakikisha kwamba mwenye kukibeba hageuki kuwa mtu wa pili wa kuokolewa. Nyenzo za mafunzo ya raia zinazotumika nchini Marekani husimulia kuhusu tetemeko la ardhi la Mexico City la mwaka 1985, ambapo watu waliojitolea bila mafunzo waliokoa takriban watu 800, lakini takriban 100 kati ya hao waokoaji walipoteza maisha wakiwa katika jitihada hizo. Kila ninapopitia orodha ya manunuzi ya mgeni, naipima kwa kipimo hicho: je, kitu hiki kitamwezesha kutembea, kuona, kukaa mkavu na kujua alipo hadi alfajiri? Kama jibu ni hapana, kisubiri. Kazi utakayopewa mwaka wa kwanza ni kutembea katika mstari wa utafutaji, kuita, kusikiliza, kusubiri amri kwa muda mrefu mahali penye upepo, na kubeba machela kwa zamu. Hakuna kikosi makini kitakachokuning'iniza kwenye kamba juma la kwanza.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, muulize kiongozi wa kikosi mambo matatu: kikosi hufanya kazi katika mazingira gani hasa, kinatoa vifaa gani chenyewe, na kinadai viwango au rangi gani katika vile utakavyojinunulia. Vikosi vingi hutoa helmeti, redio na vizibao vya kuakisi mwanga, na wapo wageni walionunua vyote hivyo kwa fedha zao, kisha wakaambiwa havikubaliki.

Sasa nianze na miguu, na hapo sitaki ubane matumizi. Buti liende kupimwa jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa shughuli za siku, likiwa na soksi zile zile utakazozivaa kazini. Simama kwenye mteremko, hata ngazi inatosha, uangalie kama vidole vinagonga mbele. Vikigonga dukani, baada ya saa kadhaa za kushuka mlima kucha zitakuwa zimepondeka. Shingo ya buti ifunike kifundo, na soli iwe na meno marefu yenye nafasi kati yake ili tope lidondoke. Kama kikosi chako hushughulika zaidi na majengo yaliyoporomoka, mambo hubadilika: hapo unahitaji buti la usalama la daraja la S3 katika kiwango cha EN ISO 20345, lenye kinga ya vidole na tabaka la kuzuia misumari isipenye soli. Buti hilo ni zito na huchosha katika matembezi marefu, na ndiyo sababu swali la mazingira linatangulia.

Kuhusu buti za mitumba, nakupa tahadhari ambayo wauzaji wengi hawaijui. Tabaka la kati la soli nyingi hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki, na poliurethani huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Buti linaweza kuonekana jipya kabisa, ngozi ikang'aa, kisha soli ikabanduka yote katika saa ya pili ya safari. Nimeliona jambo hilo likimtokea mwenzetu porini, na ikabidi watu wawili waache utafutaji ili wamsindikize kurudi barabarani. Likunje buti kwa nguvu na ubonyeze ukingo wa soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogo au vumbi linalomeguka, liache. Soksi ziwe za sufu au za nyuzi za viwandani, pea mbili, moja ikae kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Baada ya miguu, mwanga. Utafutaji mwingi huingia usiku, kwa kuwa taarifa za mtu aliyepotea mara nyingi hutolewa baada ya yeye kushindwa kurudi jioni. Unahitaji tochi mbili za kichwani: moja nzuri na nyingine ya bei ndogo ya akiba, kwa sababu kubadilisha betri gizani bila mwanga mwingine ni shida, na tochi iliyoanguka mtoni hairudi. Usivutwe na idadi kubwa ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi. Katika kiwango cha tochi cha ANSI FL1, ambacho watengenezaji wengi hukifuata, nguvu ya mwanga hupimwa ndani ya dakika mbili za kwanza tangu kuwashwa, na muda wa kudumu huhesabiwa hadi mwanga umeshuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi inayodai lumeni 1,000 kwa saa nyingi huenda sehemu kubwa ya saa hizo inatoa mwanga hafifu tu. Kwa kutembea na kutafuta, lumeni 200 hadi 300 zinazodumu kwa uthabiti zinatosha. Nashauri uchague inayotumia betri za kawaida za AA au AAA, ikiwezekana aina ile ile wanayotumia wenzako, ili muweze kusaidiana. Ya kuchaji ni nzuri nyumbani, lakini porini ikiisha imeisha. Mahali penye baridi kali betri za lithiamu zisizochajiwa hustahimili vizuri kuliko za alkali. Angalia pia alama ya kuzuia maji: IPX4 ina maana ya kustahimili maji yanayorushwa, na IPX7 ina maana ya kuzama mita moja kwa dakika 30.

Mavazi ndiyo sehemu ambayo mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuokoa nyingi. Kanuni ni moja: pamba isiguse mwili wako. Pamba iliyolowa hushika maji, hupoteza uwezo wa kuhifadhi joto na huchelewa kukauka, na mwili unaweza kupoteza joto kwa kiwango cha hatari hata pale ambapo hewa iko juu kabisa ya kiwango cha kuganda, mradi kuna maji na upepo. Mtafutaji yuko hatarini kuliko mpanda mlima wa kawaida, kwa kuwa hutoka jasho akipanda, kisha husimama muda mrefu akisubiri maelekezo. Fulana ya poliesta ya michezo, sweta la sufu na suruali nyepesi isiyo ya jinzi vyote hupatikana kwenye mitumba kwa bei ndogo, na hapo mitumba haina kasoro yoyote. Koti la mvua ndilo linalohitaji umakini: tazama ndani uone kama mishono imezibwa kwa utepe, kwa maana kitambaa kizuri chenye mishono iliyo wazi hupitisha maji begani ndani ya muda mfupi. Koti zito la bei nafuu ambalo kweli halipitishi maji ni bora kuliko jepesi la bei kubwa litakalochanwa na miiba siku ya kwanza. Rangi iwe ya kuonekana kwa mbali.

Begi la mgongoni la lita 30 hadi 40 linatosha kwa saa 24. Lijaze kilo kadhaa na ulivae dukani kwa muda, mkanda wa kiuno ukiwa umefungwa. Ndani yake tandika mfuko mzito wa plastiki badala ya kununua kifuniko cha mvua. Kifuniko hupeperushwa na upepo, mfuko haupeperushwi.

Kwa kujua ulipo, nunua dira ya bamba la plastiki angavu yenye sehemu ya kurekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani. Ukiagiza kutoka mbali, hakikisha imesawazishwa kwa ukanda wako, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia huinamisha sindano kuelekea chini kwa kadiri inayotofautiana kati ya kaskazini na kusini mwa ikweta, na sindano iliyosawazishwa kwa upande mwingine hukwama. Kifaa cha GPS cha mkononi si lazima mwanzoni. Simu uliyo nayo hupokea mawimbi ya satelaiti hata pasipo mtandao, mradi umepakua ramani ya eneo mapema na kuzima mtandao ili betri isiishe ikihangaika kutafuta mnara. Ongeza pawabenki ya mAh 10,000. Jambo muhimu kuliko kifaa chenyewe ni kuweka mpangilio wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) ule ule unaotumiwa na kikosi. Digrii zenye desimali zikisomwa kama digrii na dakika hupeleka watu mahali pengine kabisa; dakika moja ya latitudo pekee ni takriban kilomita 1.85.

Vitu vidogo sitavielezea sana, kwa kuwa bei yake haiumizi: filimbi isiyo na kokwa ndani, blanketi la dharura la karatasi ya metali, glavu za ngozi za kazi pamoja na glavu za nitrili za kushikia majeruhi, daftari dogo na penseli (penseli huandika kwenye unyevu ambako kalamu ya wino hushindwa), maji lita mbili au tatu, na chakula kisichohitaji kupikwa. Katika huduma ya kwanza, bandeji za pembetatu na za kukandamiza hufanya kazi kubwa. Ule mkanda wa kubana mkono au mguu ili kuzuia damu usiununue kwa sababu tu ni wa bei rahisi. Bandia zipo nyingi sokoni, kijiti chake huvunjika kinapozungushwa, na hutajua hadi damu iko mikononi mwako.

Sasa nirudi kwa yule anayekuuzia kamba, helmeti na mkanda wa kukwelea. Tafadhali usinunue, hata akishusha bei kiasi gani. Kamba iliyoguswa na asidi ya betri au iliyowahi kubeba mtu aliyeanguka inaweza isionyeshe alama yoyote kwa macho. Helmeti iliyopata pigo moja kubwa huenda ina ufa usioonekana, na plastiki yake hudhoofishwa na jua. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama haikutumika. Kinachouzwa hapo ni historia ya kifaa, na historia hiyo muuzaji hawezi kuithibitisha. Hata ukinunua helmeti mpya, subiri uelekezwe aina gani. Ya wajenzi ya kiwango cha EN 397 ina ukanda wa kidevu unaotakiwa kuachia nguvu ikifikia kati ya nyutoni 150 na 250 ili usimnyonge mtu aliyenasa, ilhali ya wapanda milima ya EN 12492 ina ukanda unaotakiwa kustahimili nyutoni 500 ili helmeti isitoke kichwani wakati wa kuanguka. Mbili hizo zinafanana dukani, lakini madhumuni yake yanapingana.

Hali ni hiyo hiyo kwa jaketi la kuokolea majini: lenye nguvu ya kuelea ya nyutoni 50 limekusudiwa mtu anayejua kuogelea na aliye na fahamu, wala halitamgeuza uso juu mtu aliyezimia. Redio ya upepo nayo iache, kwa sababu katika nchi nyingi masafa huhitaji leseni, na redio isiyopangwa kwa masafa ya kikosi hukuacha ukisikia kelele tu wakati wenzako wanaitana.

Ukishapata buti, tochi, koti na dira, funga begi lote, uingie nalo kwenye mvua usiku, karibu na nyumbani, pamoja na mwenzako mmoja. Tembea saa kadhaa, kaa chini bila kusogea kwa nusu saa, kisha jaribu kutoa kila kitu kwa kupapasa ukiwa umevaa glavu. Utajua papo hapo kipi kimelowa, kipi kiko chini mno ya begi, na kipi hukukihitaji. Yapitie matokeo hayo pamoja na mkufunzi wako kabla ya kununua kitu kingine. Fedha itakayosalia iweke kwa betri, soksi na matengenezo ya buti, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyoisha kabla ya mwaka kwisha.