Mfuko wa maji kwenye ini

SWALI: Habari daktari, mama yangu huku Moroto anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, wamempiga ultrasaundi wakakuta mfuko wa maji kwenye ini, eti ni tegu wa mbwa. Jirani anasema atobolewe tu maji yatoke. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, tafadhali msikubali mtu autoboe ovyo, yale maji yakimwagika tumboni yanaweza kumletea aleji kali ya kuua na mbegu za tegu zikasambaa. Ultrasaundi ndo inaonyesha mfuko uko hatua gani, kipimo cha damu kinasaidia ila kikisema hana msikiamini moja kwa moja. Mfuko mdogo mara nyingi unatibiwa kwa albendazo, vidonge vya miezi kadhaa, anameza na chakula chenye mafuta huku damu ikipimwa kuangalia ini. Mfuko mkubwa unaweza kuhitaji kunyonywa maji kwa sindano ya kitaalamu au upasuaji, na mifuko iliyokufa yenyewe huwa inaachwa ikiangaliwa tu. Ombeni rufaa kwa daktari wa upasuaji. Na mbwa wenu wapeni dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, msiwatupie maini na mapafu mabichi mkichinja, nawaomba sana.