Sukari, Sindano na Jasho: Maswali Yenu

*Nina kisukari, nadunga insulini. Nacheza mpira Uwanja wa Mbuzi, Kongowea, jioni. Kipindi cha pili miguu yaisha nguvu, na saa nane usiku naamka nimerowa jasho. Niache mpira? (Kijana, Kisauni)*

Usiache, mwanangu. Nacho Fernández aligunduliwa na kisukari aina ya kwanza (ile ambayo mwili hautengenezi insulini) akiwa na miaka 12, na alicheza Real Madrid mpaka akawa nahodha.

Tazama saa ya sindano yako. Ukijidunga insulini ya haraka kwa chakula cha saa kumi, saa kumi na moja na nusu ingali kazini, na misuli nayo inachota sukari kwa njia yake. Ongea na kliniki yako kuhusu kupunguza dozi ya mlo huo; usikisie. Siku ya mechi usidunge paja, dunga tumbo, kwani mguu unaokimbia huvuta insulini upesi. Pima sukari kabla ya kuingia: 7 hadi 10 (mmol/L) ni pazuri, chini ya 5, kula ndizi kwanza na usubiri. Pima tena mapumziko.

Ikiwa chini ya 4, toka uwanjani, hata kama mnafungwa. Nusu ya soda ya mililita 300 (si ile isiyo na sukari) inatosha, kisha pima baada ya dakika 15. Mimi hufunga vijiko vitatu vya sukari kwenye karatasi, natia ndani ya soksi. Siku moja ilirowa ikawa shira. Nikailamba hivyo hivyo.

Jasho la usiku ni dalili ya sukari kushuka: misuli inajaza ghala lake, na hujaza kwa saa nyingi. Pima kabla ya kulala, na unayelala naye chumba kimoja ajue dalili zako.

*Na madafu je?*

Ya kiu, ndiyo. Sukari yake kidogo, hayatakuokoa. Na mabuyu ndiyo kabisa, mpaka umalize kumumunya mbegu umeshaanguka.

*Nikinyanyua vyuma sukari hutoka 8 ikafika 13. Mashine ya kupimia ni mbovu?*

Nawa mikono, upime tena. Ila yaelekea mashine haina kosa. Vyuma vizito huamsha adrenalini, ini likamwaga sukari. Mara nyingi hushuka yenyewe baada ya saa moja au mbili. Ukiikimbiza kwa dozi kubwa, dozi hiyo na huko kushuka kwenyewe vitakutana usiku.

*Mume wangu ana aina ya kwanza. Akipima 17, huenda kukimbia Mama Ngina, kando ya bahari, ili ishuke.*

Mzuie, dadangu! Ikipita 15 apime ketoni (asidi zinazotoka mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) kwanza, za damu au mkojo. Zikiwepo, insulini imepungua mwilini, na mbio zitazidisha ubaya. Anywe maji, afuate maagizo ya kliniki. Akitapika au akihema haraka, ni hospitali saa hiyo hiyo.

*Jumapili twaenda pwani na mtoto. Insulini niiweke wapi?*

Kivulini, pamoja nanyi. Gari lililofungwa juani ni tanuri. Kwenye kikasha cha barafu, izungushie taulo isigusane nayo, maana iliyoganda ni ya kutupa. Ile angavu ikipiga ukungu, tupa. Ile ya rangi ya maziwa ikibaki na vibonge baada ya kuibingirisha viganjani, tupa pia.