Asilimia 28, na mkono wa baba yako

Mwanangu Salehe,

Asalaam aleikum. Barua yako Mwanaidi kanisomea mara mbili, mara ya tatu nikavaa miwani nikaisoma mwenyewe. Unasema ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wamekataa kukulipa pensheni ya kila mwezi. Daktari kapima ulemavu wa mkono wako akaandika asilimia 28, na pensheni wanapewa waliovuka 30, kwa hiyo wewe wanakupa mkupuo, hela zote mara moja yaishe. Unaniuliza uchukue mkupuo, au ukate rufaa.

Nimekaa na swali lako barazani mpaka magharibi. Kilichonijia ni mkono wa baba yako.

Mwaka 2003 wewe ulikuwa darasa la pili, unachokumbuka ni bandeji tu. Hukuwepo walipomleta kutoka korona, kule kwenye mashine ya kusaga majani ya mkonge, kiganja kimefungwa kwa shati la mwenziwe, maji ya mkonge yamemkaukia mpaka shingoni. Vidole vitatu vilibaki kwenye mashine. Baadaye daktari akamwandikia mstari mmoja: anaweza kufanya kazi nyepesi. Kazi nyepesi ipi, Salehe, kwenye shamba la mkonge? Kukata majani na kufunga matita ya majani 30? Kuanika singa, zile nyuzi za mkonge? Kuzipiga brashi? Yule daktari alimwona baba yako kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati kila alfajiri, naye anatazama pembeni.

Karani wa shamba akaja na karatasi ya kukubali fidia, baba yako akatia dole gumba la kushoto. Nilikuwa kisimani. Ningekuwa ndani siku ile, wallahi lisingetiwa dole.

Nikamburura mpaka Tanga mjini, ofisi ya kazi, nakala nimeikunja ndani ya kanga. Tukampata mzee mmoja mpole, akatufungulia sheria ya fidia, ile ya tangu enzi za Mwingereza. Akatuonyesha kwa kalamu: ulemavu wa kudumu, kiwango cha juu kabisa, shilingi 108,000. Maana yake hata angekatika mikono yote miwili, asingepata zaidi ya hapo. Kisha akauliza, "Umeshasaini?" Baba yako hakumjibu. Aliniambia mimi, "Twende, Mama Salehe, basi la saa nane litatuacha."

Tukaliwahi basi. Njia nzima mpaka Muheza hatukusemeshana, na neno lile hakulizungumza tena mpaka Mungu alipomchukua.

Kuna siku namwona alikuwa na haki. Nauli ya kwenda na kurudi, siku za kazi zinapotea, na mwisho wake ndio ile 108,000. Mtu ana watoto wa kulisha. Halafu usiku najibishana naye: Baba Salehe, hela tungeziacha, lakini ule mstari wa kazi nyepesi ungebaki vile vile? Hakuna aliyeandika kwamba hawezi kushika panga. Hakuna aliyeandika kwamba alijifunza upya kula kwa mkono wa kushoto, na akaona haya kula mbele ya wageni. Mimi siku zote nawaambia, lisiloandikwa halina mwenyewe.

Wewe una mlango ambao yeye hakuwa nao. Sheria mpya ya fidia ya 2008 imebadilisha mambo, na mfuko wenyewe ulianza kazi 2015. Kwanza unaomba uamuzi upitiwe upya, usiporidhika kuna ngazi za juu mpaka mahakama ya kazi. Sikusukumi uingie. Unaijua afya yako na unaijua hali ya hela zako, na mkupuo ungeweza kumalizia ile nyumba. Lakini asilimia mbili, mwanangu! Asilimia mbili ni nini kwa mtu asiyeweza kukamua nguo?

Basi nakwambia hili, halafu nanyamaza. Hata kama utachukua mkupuo, omba kwanza nakala ya ripoti ya daktari uisome. Tafuta daktari mwingine akupime naye aandike. Kisha kaa na mkeo muandike siku yako moja tangu unapoamka: ndoo, kamba za viatu, kumpakata Zuhura, kidole kinavyokufa ganzi saa za baridi. Msimamizi wako wa zamu aandike ulichokuwa ukiinua kabla na unachoinua sasa. Lisiloandikwa halina mwenyewe, hilo usichoke kulisikia. Na tarehe ya mwisho iliyo kwenye barua yao ibandike ukutani.

Usiniulize tena mimi ningefanya nini, maana unajua, na baba yako naye alijua.

Mwanaidi anashuka Dar Alhamisi. Nimempa ile karatasi ya baba yako kutoka kwenye sanduku la bati, yenye alama ya dole. Isome, uirudishe, ni hiyo moja tu.

Mama yako