Niliposoma 7ber Nikaona Mwezi wa Saba

Juzi dada mmoja aliyeolewa Aberdeen, Uskoti, ameniandikia. Watoto wake wanamuuliza ukoo wa baba yao ulianzia wapi, naye amenitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha parokia wa mwaka 1702. "Dada, nimekodoa macho wiki nzima, sijaambulia hata mstari mmoja." Namwelewa sana. Mimi nimeolewa Fife, Uskoti huko huko, na vitabu hivi vimewahi kuniliza.

Mama mkwe alipougua aliniomba nimtafutie wazee wa upande wa mama yake. Uskoti serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo tegemeo lako ni vitabu vya kanisa, na kikongwe kuliko vyote ni cha Errol, Perthshire, kinachoanzia 1553. Picha zake ziko kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Karne ya 19 niliipita vizuri. Nilianguka nilipofika miaka ya 1730.

Nilimpata Isobell, amebatizwa "14 7ber 1731". Ndoa ya wazazi wake ilikuwa imetangazwa kanisani mwanzoni mwa Desemba 1730. Mimi ni mtoto wa Nyeri. Nikiona saba kwenye tarehe, ni mwezi wa saba, Julai. Nikahesabu kwa vidole: miezi saba! Nami nilikuwa nimesoma kwamba zamani zile baraza la wazee wa kanisa liliwaita waliopata mtoto mapema, likawatoza faini na kuwakalisha kwenye kiti cha toba mbele ya waumini wote. Jumapili, tukiwa mezani, nikalitangaza hilo kama ugunduzi. Shangazi wa mume wangu akaweka uma chini. "Vitabu vyetu hata kuvisoma hujui, halafu unatuaibishia wafu wetu." Hakuna aliyenitetea, hata mume wangu. Linaniuma mpaka leo.

Lakini kuhusu kusoma, alisema kweli. 7ber ni Septemba. Makarani walifuata Kilatini, ambapo septem ni saba. Hivyo 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, 10ber au Xber Desemba. Isobell alibatizwa miezi tisa baada ya ndoa kutangazwa. Nilikuwa nimemsingizia mama wa watu, marehemu wa karne nyingi asiyeweza kujitetea.

Nikaanza upya na daftari. Nilichora alfabeti ya karani yule mmoja, maana kila karani ana mkono wake. Anza na maneno ambayo huwezi kuyakosea: jina la parokia, miezi, John, Margaret. Ukiishaijua h yake ndani ya John, utaitambua popote. Kwenye mwandiko wa karne ya 16 na 17, ule uitwao secretary, h hushuka chini ya mstari kama mkia na e hujigeuza nyuma. S ndefu ni kama f. Siku tatu nzima nilikuwa nikimsoma Isobell kama Ifobell. Herufi ndogo zilizopandishwa juu ni ufupisho: Wm ni William, Margt ni Margaret. Polepole, dada. Usiharakishe.

Majina nayo yalinisaidia kuliko nilivyotarajia. Sisi Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Waskoti wengi wa zamani walifanya vivyo hivyo! Tofauti iko kwa mabinti: kwao wa kwanza mara nyingi alichukua jina la nyanya mzaa mama. Kwa hiyo nikamtafuta Isobell mwingine, mama wa mama yake, nikampata parokia ya jirani. Wenye ukoo hawakuwa wamemfikia. Nilimpelekea shangazi daftari, akalisoma, akanirudishia bila neno.

Ndugu zangu, tuache kunakili miti ya ukoo ya watu tusiowajua kwa sababu tu imeshachorwa. Fungua picha yenyewe, isome mara tatu. Na usipomwona mtoto, usiseme hakuwako: kati ya 1783 na 1794 kuandikisha ubatizo kulitozwa kodi ya peni tatu, na wazazi wengi hawakuandikisha.

Sasa ukurasa wako, dada. Lile neno refu kabla ya James, lenye q katikati, si jina. Ni umquhile, yaani marehemu. Quh hapo husomwa kama wh. Basi 1702 binti yake alipotangaziwa ndoa, James alikuwa ameshafariki. Usimtafute baada ya hapo. Vitabu vingi havina orodha ya mazishi, lakini kanisa lilikodisha kitambaa cha kufunikia jeneza, mortcloth, na malipo yake yaliandikwa kwenye hesabu za baraza la wazee. Anzia 1702, rudi nyuma mwaka kwa mwaka.