Aanze na kitabu gani?

SWALI: Shangazi, mdogo wangu kasikia habari za transhumanizimu, yaani binadamu kuuvusha mwili mipaka yake kwa teknolojia, na sasa hanipumzishi kwa maswali. Nilimpa The Singularity Is Near cha Ray Kurzweil. Kafika ukurasa wa 20, kakitupa kando. Nimtafutie kipi?

JIBU: Mwanangu, usimlaumu. Kitabu hicho cha 2005 kina kurasa zaidi ya 600 na grafu kibao. Mimi mwenyewe nilikisoma kwa kurukaruka, na kusoma ndiyo kazi yangu.

Mwanzie Rebuilt cha Michael Chorost. Nacho ni cha 2005, ila ni kisa cha mtu mmoja. Mwandishi alipoteza usikivu uliobaki mwaka 2001, akapasuliwa na kupandikizwa kifaa cha kielektroniki kinachopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu. Wakimbadilishia programu, dunia nzima inasikika vingine, naye inabidi ajifunze upya kusikia. Mdogo wako atajiuliza maswali yote makubwa bila kuhubiriwa.

Kisha mpe To Be a Machine cha Mark O'Connell, cha 2017. Huyu anawafuata waumini wa transhumanizimu wenyewe: wanaogandisha maiti wakitumaini zitafufuliwa, na wanaojipachika vifaa chini ya ngozi. Ana mashaka, anachekesha, lakini anawasikiliza. Kwa mgeni, mwenye mashaka namwona bora kuliko mshabiki kama Kurzweil.

Kile cha Kurzweil kiache kabatini. Akikitaka atakifuata mwenyewe.