Kamera ya getini kupitia nyaya za umeme wa nyumba: inawezekana, ila pima kwanza

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: nyumba ni ya tofali za bloku, ruta iko sebuleni, waifai ikifika getini imeshakata roho, uwanja umejaa pevingi na hutaki kuifumua kupitisha kebo ya mtandao. Getini kuna taa, na kwenye kibanda cha mlinzi kuna soketi. Unauliza kama kamera inaweza kurudisha picha ndani kwa kutumia nyaya hizohizo za umeme.

Inaweza, na kwa kazi ya kamera njia hii ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Ila ina masharti, na wengi wanaosema "haifanyi kazi" walikosea mahali pa kuchomeka.

Vifaa vyenyewe vinaitwa adapta za pawalaini, na vinauzwa kwa jozi. Moja inachomekwa kwenye soketi karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa kebo fupi ya mtandao. Ya pili inachomekwa getini, kebo yake inakwenda kwenye kamera. Umeme wa nyumbani ni wa hezi 50. Adapta zinapitisha data juu ya nyaya hizohizo kwa masafa ya kuanzia megahezi 2 hivi hadi 28, na zile za AV2, yaani kizazi kipya zaidi, zinafika 86. Zile rimoti za LUKU zinazochomekwa kwenye soketi na kuzungumza na mita iliyoko juu ya nguzo hutumia wazo hilohilo, ila kwa masafa ya chini mno, kwa hiyo hazigombani na adapta zako.

Elewa mapema kwamba adapta inabeba data tu, hailishi kamera umeme. Kamera bado inahitaji chaja yake ya volti 12, au kifaa cha PoE kama kamera inapokea umeme kupitia kebo ya mtandao.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi, AV600 au AV1000, usizichukue kama kasi utakayopata. Ni kasi ya nadharia kwenye waya safi, na adapta nyingi za AV600 zina tundu la mtandao la Mbps (megabiti kwa sekunde) 100 tu. Getini ukipata Mbps 20 halisi, uko vizuri. Kamera ya 1080p inayobana video kwa mfumo wa H.265 inahitaji Mbps 2 hivi, ya mfumo wa zamani wa H.264 Mbps 4. Kwa hiyo hata laini mbovu ya Mbps 10 inabeba kamera mbili bila shida. Kinachoua kamera ni kukatika kwa mawasiliano kila baada ya dakika chache. Kasi ndogo yenyewe haina tabu. Ndiyo sababu ushauri wangu karibu wote hapa chini unahusu usafi wa laini.

Wakati wa kununua, angalia kiwango, yaani lugha adapta zinayoongea. HomePlug AV na AV2 zinaelewana, hata kama ni za kampuni tofauti. Za G.hn hazielewani na HomePlug hata kidogo, hata kama zote mbili zina nembo ileile. Chukua zenye kichwa chetu cha pini tatu bapa. Usichukue zenye pini mbili za duara halafu uweke kigeuzi, kwa sababu AV2 nyingi hutumia na waya wa ethi kama njia ya pili ya data, na kigeuzi cha bei rahisi mara nyingi hakiunganishi ethi. Ukipata yenye soketi mbele yake, ongeza hela uichukue. Faida yake utaiona.

Sasa kupima. Usitoboe ukuta wala kufunga kamera kabla ya hapa. Chomeka adapta zote mbili sebuleni, moja ubavuni mwa nyingine, kisha zioanishe: bonyeza kitufe cha "Pair" kwa sekunde moja kwenye ya kwanza, halafu ndani ya dakika 2 bonyeza na cha ya pili. Usikishikilie, kwa sababu kwenye modeli nyingi kukishikilia kunafuta mipangilio. Taa ya mawasiliano ikiwaka, ya pili ipeleke kibandani, iunganishe na laptop kwa kebo, na uzime waifai ya laptop ili usijidanganye. Fungua dirisha la amri, andika ping 192.168.1.1 -t, au anwani yoyote ya ruta yako, uiache ikimbie nusu saa. Amri hiyo inaiita ruta tena na tena na kupima inachukua muda gani kujibu. Laini nzuri inajibu chini ya milisekunde 10 na haiangushi kitu. Ukiona "Request timed out" moja katika nusu saa, samehe. Ukiona tatu au nne kila dakika, kuna tatizo la kutafuta.

Kipimo hicho kirudie saa 2 usiku. Mchana nyumba imetulia. Usiku taa zote zinawaka, televisheni iko hewani, simu tano ziko kwenye chaji, na huo ndio muda kamera inatakiwa kufanya kazi.

Laini ikisumbua, anza na mahali adapta zilipochomekwa. Adapta ya pawalaini inachomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Isichomekwe kwenye ekstensheni yenye kinga ya radi, wala kwenye friji gadi, wala nyuma ya UPS. Ndani ya vifaa hivyo kuna filta yenye kapasita zilizowekwa makusudi kuyameza masafa ya juu yanayosafiri kwenye waya, ambayo kwa kawaida ni takataka. Data yako nayo ni masafa ya juu, na filta haina namna ya kuzitofautisha. Hata friji gadi iliyochomekwa kwenye soketi pacha, pembeni tu ya adapta, inaweza kunyonya mawimbi. Hapa ndipo ile soketi ya mbele ya adapta inasaidia: ina filta yake inayoangalia upande wa pili. Chomeka ekstensheni ya ruta na televisheni humo, uchafu wao unazuiwa usiingie kwenye laini.

Baada ya hapo tafuta kelele. Ping ikiwa inakimbia, mtu mwingine apite akizima kitu kimoja kimoja. Wahusika wa kawaida ni balbu za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na jina, regulata za feni za kuzungusha na pampu ya maji. Balbu moja mbovu inaweza kuangusha laini nzima, na ukiizima unaona milisekunde zinashuka palepale. Ukikosa mtu wa kukusaidia, zima breka moja moja kwenye DB (boksi la breka la nyumba), uanze na zisizobeba adapta zako.

Kwenye DB kuna mambo mawili. Nyumba yenye fezi tatu inaweza kuwa na soketi ya sebuleni kwenye fezi moja na laini ya getini kwenye nyingine. Mawimbi huruka kidogo kutoka fezi hadi fezi kwa sababu nyaya zimelala pamoja, lakini yanafika yamechoka. Dawa ni kuhamisha breka ya getini iwe fezi moja na ya ruta. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Usifungue DB mwenyewe kwa kuangalia video. La pili, breka za kuzuia shoti ya mwili nazo zinapunguza mawimbi kiasi. Usiziondoe kwa sababu ya kamera. Bora utafute soketi nyingine ya ruta.

Hiyo taa ya getini ina mtego wake. Wengi wanachukua umeme wa kamera kwenye waya wa taa, halafu asubuhi mtu akizima swichi, kamera inazimika nayo. Waya unaofika kwenye taa ni nyutro na laini (waya wa moto) iliyokwishapita kwenye swichi. Unahitaji laini isiyopita kwenye swichi. Kama soketi ya kibandani ina laini yake ya moja kwa moja kutoka DB, itumie hiyo na uachane na taa kabisa.

Adapta ikae ndani ya kibanda, kivulini. Nyingi zimepangiwa joto lisilozidi nyuzi 40, na boksi la plastiki lililofungwa kwenye nguzo ya geti kwa jua la Dar es Salaam linapita hapo kabla ya adhuhuri. Adapta ikipata joto hukata mawasiliano na kurudi yenyewe jioni, na watu wanailaumu kamera. Kama hakuna kibanda, tumia boksi kubwa la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji ya mvua, upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana. Nyaya ziingie kutokea chini kwa glandi, na kila waya uache ushuke kidogo chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Chaja ya volti 12 iwe karibu na kamera. Usivute volti 12 kutoka ndani ya nyumba kwa waya mwembamba. Waya wa milimita za mraba 0.22, ule wa kengele na kamera, wenye urefu wa mita 20, ukihesabu kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 3 hivi. Mchana kamera inavuta ampea 0.3, unapoteza volti 1, haisemi kitu. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, inavuta 0.8, unapoteza volti 2.5, kamera inabaki na 9.5 na kuanza kujizima na kujiwasha. Kamera inayofanya kazi mchana na kufa usiku, kabla hujagusa pawalaini, pima volti kwenye kichwa chake taa hizo zikiwa zinawaka.

Sasa udhaifu mkubwa wa njia hii. Umeme ukikatika, adapta zote mbili zinalala, hata kama ruta na kamera zina betri. Na mwizi anayeijua kazi yake anaweza kuanza kwa kushusha breka iliyoko nje kwenye mita. Kwa hiyo kamera iwe na memori kadi ndani yake na betri ndogo ya volti 12, zile zinazouzwa kama UPS ya ruta. Wakati wa giza itaendelea kurekodi kwenye kadi, hata kama hutaiona kwenye simu. Kwa hesabu: Mbps 2 ni gigabaiti 21.6 kwa siku, kadi ya 128 inashika siku 5 hivi kabla haijaanza kufuta za zamani. Chukua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, za kawaida za simu hufa mapema. Na betri iliyoandikwa mAh 10,400 ni ya seli za volti 3.7, yaani watisaa 38 hivi. Kamera ya wati 6 inakaa nayo saa 5 hadi 6, kama namba iliyoandikwa ni ya kweli.

Mwenye inveta ahakikishe soketi zote mbili, ya ruta na ya getini, ziko upande wa inveta. Moja ikibaki upande wa TANESCO, filta iliyoko ndani ya inveta inaweza kukutenga. Inveta za mawimbi ya mraba zina kelele nyingi sana, kwa hiyo pima ukiwa kwenye betri pia.

Kwenye mipangilio ya kamera, weka H.265, fremu 15 kwa sekunde, kikomo cha Mbps 2, na fremu kamili kila baada ya sekunde 2. Kama NVR (kinasa picha za kamera) inaruhusu kuchagua njia ya kusafirisha picha, tumia TCP, inayotuma tena kilichopotea, badala ya UDP. Picha haitavunjika vipandevipande paketi moja ikipotea. Ipe kamera anwani isiyobadilika kwenye ruta, weka saa za eneo GMT+3, badilisha nywila ya kiwandani, na usifungue milango ya mtandao (port forwarding) kwenye ruta ili kuiona ukiwa mbali.

Kuoanisha kwa kitufe usikuruke hata kama adapta zimeshikana zenyewe baada ya kuchomekwa. Zikishikana zenyewe, mara nyingi zinatumia ufunguo wa kiwandani. Kwenye ghorofa au nyumba za kupanga, nyaya zinaungana na za jirani, naye akiwa na adapta zenye ufunguo huohuo anaingia kwenye mtandao wako bila hata kujua. Kitufe kinatengeneza ufunguo mpya wa AES wa biti 128 wa kwenu peke yenu.

Kama baada ya kuchomeka ukutani, kuondoa kelele na kuweka fezi moja, ping ya saa 2 usiku bado inaangusha zaidi ya paketi 2 katika 100, acha pawalaini, usinunue jozi ya bei kubwa zaidi ukitumaini muujiza. Fumua mstari mmoja wa pevingi ukutani mwa uzio, zinarudishwa bila kuacha alama. Pitisha bomba la peke yake, lisichangie na waya wa umeme, na kebo ya Cat6 ya nje yenye shaba tupu. Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba inapoteza volti nyingi, na PoE itakusumbua. Kikomo ni mita 100, na kebo hiyo moja itabeba data na umeme wa kamera kwa pamoja.