Kujifunza Seti ya Kiayalandi Pamoja na Mwenzi Wako

Majira ya baridi ya kwanza tuliyoishi magharibi mwa Ayalandi, mimi na mume wangu tulianza kujifunza seti, ngoma ambayo jozi nne husimama zikitazamana kama pande nne za mkeka. Kwa wiki kadhaa tulirudi nyumbani tumenuniana, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimsahihisha mwenzake katikati ya uwanja.

Kosa letu lilikuwa kuchunga miguu badala ya kusikiliza muziki. Muziki wa seti, uwe rili, jigi au polka, huenda kwa hesabu za nane, na kila mwendo huanza na kuisha pamoja na hesabu hizo. Aliyekosea hatua lakini akarejea mahali pake kwa wakati hajamharibia mtu. Anayeharibu ni yule anayebaki katikati akimalizia hatua zake ilhali jozi nyingine inaingia. Basi tukawa tunakaa jikoni jioni, tukisikiliza fidla na akodiani na kugonga meza kila nane inapoanza, na ugomvi ukapungua.

Mzunguko, yaani pale wawili wanaposhikana na kuzunguka papo hapo, ndio unaotaka mazoezi zaidi. Kila mmoja huweka mguu wa kulia ubavuni mwa mguu wa kulia wa mwenzake, kisha husukuma kwa wa kushoto, kama mtu anayekimbiza baiskeli kwa mguu mmoja kabla ya kuipanda. Egemeeni nyuma kidogo, nyote kwa uzito uleule, kwani mmoja akilegea, mwingine hubeba miili miwili na mkono humuuma kesho yake. Kizunguzungu kilinisumbua mpaka bibi mmoja aliponiambia nimtazame mume wangu usoni, nisitazame kuta. Viatu viwe na soli ya ngozi, maana mpira hung'ang'ania sakafu ya mbao na goti ndilo linaloumia.

Mkiwa wageni, msisimame katika jozi mbili za kwanza, bali katika mojawapo ya zile mbili za pembeni. Jozi inayowapa wapiga muziki mgongo na ile inayoielekea ndizo zinazotangulia, kwa hiyo jozi za pembeni huuona mwendo mzima kabla ya zamu yao.

Msiwasahihishe wenyeji. Seti zilitokana na kwadrili za Ufaransa, ngoma za jozi nne zilizofika Ayalandi katika karne ya 19. Watetezi wa utamaduni wa Kiayalandi waliziona ni za kigeni, kisha sheria ya kumbi za dansi ya 1935 ikazibana ngoma za majumbani. Waliozihifadhi ni watu wa vijijini, kila mahali kwa namna yake, na namna hiyo inastahili kuheshimiwa.

Chagueni seti moja na mwijue barabara. Sisi tulichagua Caledonian, inayopendwa sana katika kaunti ya Clare. Julai ilipofika tulikwenda Miltown Malbay, mji mdogo wa kaunti hiyo, ambako shule ya majira ya joto ya muziki na ngoma iliyopewa jina la mpiga muziki Willie Clancy hufanyika tangu 1973. Caledonian ilipotangazwa tulisimama pembeni, tukasubiri nane yetu, tukaingia. Seti nyingine zote tuliketi tukitazama.